Taya

Orest husaga meno usiku.
Miaka kumi na mmoja nimelala kando ya kinu,
nikisikia anavyoitwanga siku iliyopita
mpaka ikawa unga.

Daktari wa meno alimfinyangia kinga ya plastiki,
dola mia sita na arobaini.
Orest akaitazama risiti, akahesabu kwa vidole:
“Siku tisa,” akasema.
Nikadhani ni siku za kuizoea.
Kumbe siku tisa zaidi za kwenda kazini.

Kila kitu alikipima hivyo.
Kahawa ya dukani: dakika arobaini za uhuru.
Viatu vya theluji vya Halyna: siku moja na asubuhi yake.
Maua ya msiba wa mama yake –
hapo alinyamaza, akalipa,
lakini niliiona midomo ikitembea.

Namba yenyewe ilikaa kwenye mlango wa friji,
chini ya sumaku yenye umbo la samaki,
kwa penseli, maana ilifutwa kila mwisho wa mwezi.
Halyna alijifunzia kutoa pale pale:
tunazotaka, toa tulizo nazo,
jibu ni baba.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kila haba ilimegwa mahali.
Tulishusha joto la nyumba, tukala tumevaa makoti,
nje Winnipeg imeganda hadi kope.
Wageni wa Jumamosi wakakoma kualikwa,
kisha wakakoma kuuliza.
Nilimnyoa mwenyewe bafuni,
na hilo, nakiri, nililipenda:
shingo yake mkononi mwangu
robo saa nzima, bila simu.

Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu hapana.
Paa lililotobolewa na mvua ya mawe, hapana.
Chumba cha chini kilichojaa maji ya mto,
pole sana mama, hapana, soma kifungu cha saba.
Hapana ishirini na tisa kwa siku ndilo lilikuwa lengo,
na saa nyekundu pembeni mwa kioo
ikihesabu kila moja.
Zile zilizomkwama kooni
ndizo alizokuja kuzisagia kwangu.

Namba ilitimia Jumanne moja ya Februari,
akiwa anakula mkate na yai.
Alinipigia maktabani. Hakusema neno.
Nilisikia injini ya gari ikiunguruma maegeshoni,
na pumzi yake.
“Imetimia,” akasema mwishowe.
Kisha: “Lakini soko likianguka?
Labda mwaka mmoja tu, Marlis. Wa tahadhari.”

Nilikuwa nimeshika vitabu vya watoto mikono yote miwili.
“Hapana,” nikamwambia.
“Soma kifungu cha saba.”

Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine.
Nikakisikiliza chote.

Sasa ana miaka arobaini na minne na hana Jumatatu.
Alfajiri hukwangua barafu kwenye kioo cha gari langu,
maana mimi bado naenda; napenda kazi yangu,
na bima ya meno iko kwa jina langu.
Amepanga skurubu zote kwenye vichupa, kwa urefu,
akazimwaga, akazipanga kwa unene.
Siku nyingine namkuta amesimama mbele ya friji
akitazama mahali pale peupe kuliko penginepo.
Sitasema ana furaha. Sijamuuliza;
ameulizwa mengi.

Lakini jana, saa tisa za usiku, nilishtuka,
nikakaa kitandani nikitafuta kilichoniamsha.
Kinga ilikuwa glasini, kavu.
Nikaweka kidole chini ya sikio lake,
pale mfupa ulipokuwa ukiruka kama panya ndani ya gunia.

Umetulia.

Nikabaki macho hadi kukapambazuka.
Miaka kumi na mmoja na ule mngurumo:
nani atanifundisha mimi kulala?